Kashata za Kakao za Milimani

Wasambaa tangu zamani hugawa nchi yao sehemu mbili. Juu mlimani, penye ukungu, migomba na vijito vya maji baridi, huitwa Shambaai. Chini, penye jua kali na vichaka vya miiba, huitwa nyika. Mji wa Lushoto uko Shambaai, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mtu apandaye kutoka Mombo, ulioko nyikani, huanza safari akifuta jasho, na afikapo Lushoto jioni hutafuta shuka ya kujitanda. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi huzidi, hata asubuhi pumzi ya mtu huonekana kama moshi.

Katika nchi ya namna hiyo, mtu arudiye nyumbani akiwa amechoka hutamani kitu cha kumchangamsha. Pengine ni mama aliyetoka gulioni kuuza mboga; pengine ni mwanafunzi aliyeshuka na kupanda mabonde mawili kwa miguu; pengine ni mgonjwa aliyeanza kupata nafuu, lakini bado hajawa na moyo wa kuzungumza na watu. Watu wa milimani hutafuna muwa, au hunywa chai ya moto yenye sukari. Watu wa pwani wana kashata, yaani sukari iliyopikwa pamoja na nazi au karanga, kisha ikamwagwa katika sinia na kukatwa vipande. Somo hili laeleza jinsi ya kutengeneza kashata ya namna nyingine, iliyotiwa kakao ndani yake, hata ladha yake ikakaribia ladha ya chokoleti ya dukani. Kazi hii haihitaji mashine wala tanuri. Yahitaji sufuria, mwiko, moto wa kiasi, na mtu mwenye saburi.

1. Kakao yatoka wapi

Mkakao haustawi Lushoto, kwa kuwa hauvumilii baridi. Hupenda nchi ya joto, yenye mvua nyingi na kivuli cha miti mikubwa. Katika Tanzania hustawi hasa Kyela, katika bonde lililo kaskazini ya Ziwa Nyasa. Matunda yake hayaning'inii katika vitawi vyembamba kama maembe, bali huota juu ya shina lenyewe na juu ya matawi manene, kama fenesi. Kila tunda lina mbegu 30 au 40 hivi, nazo zimefunikwa kwa nyama nyeupe yenye utamu na ukali kidogo.

Mbegu mbichi ya kakao ni chungu, wala haina harufu ya chokoleti hata kidogo. Mkulima hupasua tunda, huzitoa mbegu pamoja na nyama yake, huzirundika katika sanduku la mbao au huzifunika kwa majani ya migomba, kisha huziacha zichachuke muda wa siku 5 mpaka 7. Rundo hupata moto lenyewe, na mbegu hugeuka rangi. Baada ya hayo huanikwa juani mpaka zikauke kabisa. Kuchachuka huko ndiko kuanzishako ladha. Mkulima akifanya haraka, ladha haiji, hata kama kiwanda kitakachozinunua mbegu kina mashine nzuri namna gani.

Mbegu zilizokauka hukaangwa, humenywa na kusagwa. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Mafuta hayo yakikamuliwa, makapi yanayobaki husagwa tena yakawa unga laini wa rangi ya kahawia. Unga huo ndio kakao iuzwayo madukani katika makopo.

2. Safari ya kakao duniani

Asili ya mti huu ni Amerika ya Kusini. Wataalamu wachimbuao mambo ya kale wamepata katika nchi ya Ecuador dalili kwamba watu waliitumia kakao zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Baadaye Wamaya na Waazteki wa Amerika ya Kati walifanya kinywaji chake, na mbegu zake walizitumia kama fedha sokoni. Mwaka 1753 mtaalamu Carl Linnaeus wa Uswidi aliuita mti huo Theobroma, jina la Kiyunani ambalo maana yake ni chakula cha miungu.

Kwa muda mrefu kakao ilikuwa kinywaji tu. Mwaka 1828 Mholanzi aitwaye van Houten alipata hati ya serikali kwa njia yake ya kukamua mafuta ya kakao kwa shinikizo, na tangu hapo unga wake ukapatikana kwa urahisi. Mwaka 1847 kampuni ya Fry, katika mji wa Bristol huko Uingereza, ilitengeneza chokoleti ya kutafuna. Katika Afrika ya Magharibi jina la Tetteh Quarshie hukumbukwa sana. Mtu huyu alikuwa mhunzi wa Gold Coast. Mwaka 1879 alirudi kwao kutoka kisiwa cha Fernando Po akiwa amechukua mbegu za kakao, akazipanda Mampong, na majirani zake wakajifunza kwake. Nchi hiyo, iitwayo Ghana tangu mwaka 1957, imekuwa moja katika nchi zitoazo kakao nyingi kabisa duniani.

Lakini liko jambo la kusikitisha katika habari hii. Wakulima wengi wa kakao huchuma, huchachusha, huanika na kuuza mbegu zao, nazo zikapelekwa ng'ambo, bila wao wenyewe kuonja chokoleti. Huijua kakao kwa uzito wa gunia, wala hawaijui kwa ulimi. Kwa hiyo mtu ajifunzaye kuipika kakao jikoni mwake hupata zaidi ya kitu kitamu. Aona kwa macho yake jinsi zao la shamba linavyogeuka kuwa chakula, na thamani ya kazi ya mwenziwe aliyelilima.

3. Je, kakao huchangamsha kweli?

Ndani ya kakao mna kitu kiitwacho theobromini, na pamoja nacho kafeini kidogo, ile ile iliyomo katika chai na kahawa. Vitu hivi huamsha mwili kwa kiasi. Tena sukari iliyomo katika kashata huingia katika damu upesi na kumpa mtu nguvu za muda mfupi. Karanga na maziwa hukaa zaidi tumboni, kwa kuwa vina mafuta, na vyakula vya kuujenga mwili. Basi ni kweli kwamba kipande kimoja humchangamsha mtu aliyechoka.

Hata hivyo yapasa kila mtu ajue mpaka wake. Nguvu za sukari huja mbio na huondoka mbio. Mtoto mwenye njaa apewe kwanza ugali na maharage, si kashata. Mwenye homa apelekwe zahanati, asitulizwe kwa utamu. Mwenye ugonjwa wa kisukari afuate shauri la daktari wake. Wako pia watu ambao karanga huwadhuru, hata wakavimba au wakashindwa kupumua. Hao wasipewe kabisa. Na mbwa asitupiwe hata makombo, maana theobromini ni sumu kwake. Kashata hii ni kitu cha kuuburudisha moyo, nayo ikiwekwa mahali pake yafanya kazi yake vizuri.

4. Vitu vitakiwavyo

Sukari vikombe 1½. Unga wa kakao usiochanganywa na sukari, theluthi moja ya kikombe. Maziwa, robo tatu ya kikombe. Siagi vijiko vikubwa 2. Karanga zilizokaangwa na kumenywa, kikombe 1. Iliki punje 4. Na chumvi ya kushika kwa vidole viwili.

Mtu akivitazama vitu hivi mezani, ataiona nchi nzima imekusanyika. Kakao yaweza kuwa imetoka Kyela. Sukari hutoka katika mashamba ya miwa ya Arusha Chini, karibu na Moshi, au ya Kilombero. Karanga hupatikana katika nchi kavu kama Dodoma. Iliki hulimwa katika Usambara ya Mashariki, upande wa Amani, mahali ambapo Wadachi walianzisha mwaka 1902 chuo cha kuchunguza mimea. Maziwa ni ya Lushoto penyewe, kwa sababu ng'ombe wa maziwa hustawi katika baridi. Na shamba la Irente, lililo mali ya Kanisa la Kilutheri, limejulikana kwa jibini, mkate na jamu zitengenezwazo pale.

5. Kazi ya jikoni

Kwanza mpishi na apake siagi kidogo katika sinia, aziponde karanga kinuni, zisiwe unga bali vipande vipande, kisha aitwange iliki. Vyombo vyote viwe tayari kabla ya moto kuwashwa, maana shira ikiiva haimngoji mtu.

Ndipo atie katika sufuria sukari, kakao na chumvi, na kuvichanganya vikiwa vikavu. Kakao ikikutana na maziwa kabla ya kuchanganywa na sukari, hufanya madonge yasiyovunjika. Baada ya hayo atie maziwa kidogo kidogo, huku akikoroga, na kuiteleka sufuria juu ya moto wa kiasi. Sufuria iwe kubwa, vitu vyote visipite theluthi yake, kwa kuwa shira hufura itokotapo. Na akoroge mpaka ianze kutokota. Kisha autoe mwiko, apunguze moto, aiache itokote polepole.

Hapa pana hatari. Shira ya moto huunguza kuliko maji ya moto, kwa kuwa hung'ang'ania ngozi. Watoto wasipike bila mtu mzima, wala asichezecheze mtu karibu na jiko. Mtu akiungua, mahali palipoungua pamiminiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Pasipakwe siagi, wala asali, wala majivu. Jeraha likiwa kubwa, aende hospitali.

6. Kipimo cha bilauri

Mpishi atajuaje kwamba shira imeiva? Vitabu vingi vya mapishi vyasema kwamba shira ya namna hii huiva ifikapo digrii 112 za kipimo cha joto. Neno hilo ni kweli kwa Tanga, ulioko kando ya bahari, lakini Lushoto litampoteza mpishi. Kadiri mtu apandavyo mlimani, hewa huwa nyepesi zaidi, na maji hutokota kwa joto dogo zaidi. Tanga maji hutokota kwa digrii 100. Lushoto hutokota kwa digrii 95 hivi. Shira nayo hushuka vivyo hivyo. Basi mpishi wa Lushoto akiingoja digrii 112, maji yatakuwa yamekauka kupita kiasi, na kashata yake itakuwa ngumu kama kokoto. Sukari ya nyumba nzima itakuwa imepotea, ingawa alikitii kitabu neno kwa neno.

Kiko kipimo kisichodanganya, nacho hufaa pwani na mlimani. Mpishi achukue bilauri ya maji baridi, adondoshe ndani yake tone la shira, angoje kidogo, kisha alitafute kwa vidole. Tone likiyeyuka majini, bado halijaiva. Likikusanyika likawa tonge laini, nalo likitolewa majini likajilaza kidoleni, shira imeiva. Sufuria na iepuliwe mara moja. Tone likiwa gumu kama ushanga, shira imepita; basi aongeze maziwa kidogo, aitokose tena, na kupima upya.

7. Kupoza na kupiga

Sufuria ikiisha kuepuliwa, siagi iliyobaki iwekwe juu ya shira, na mtu asiikoroge. Hapo ndipo wengi huharibu. Shira ikikorogwa ingali moto, sukari hurudi kuwa chembe kubwa, na kashata husagika mdomoni kama mchanga. Ikiachwa itulie mpaka joto lake lipungue, kisha ikapigwa kwa nguvu, chembe zake huwa ndogo sana hata ulimi usizitambue. Haraka haraka haina baraka. Na katika kazi hii methali hiyo huonekana kwa macho na kuonjwa kwa ulimi.

Pwani kupoza huku huchukua muda mrefu. Mlimani, katika jioni ya mwezi wa Julai, sufuria ikiwekwa karibu na dirisha, baridi husaidia kazi. Kiganja kiwezapo kuvumilia kugusa ubavu wa sufuria, wakati umefika. Mpishi atie iliki, aupige mchanganyiko kwa mwiko bila kupumzika. Mwanzoni hung'aa kama kioo. Baada ya dakika kadhaa huwa mzito, na mng'ao wake huanza kufifia. Hapo atie karanga upesi, aumwage katika sinia, ausawazishe kwa mgongo wa kijiko, na kabla haujakauka kabisa aukate kwa kisu mistari 5 huku na mistari 5 kule, apate vipande 36.

Chokoleti ya dukani huyeyuka kwa digrii 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili. Kwa hiyo hulainika mfukoni mwa mtu ashukaye nyikani mchana. Kashata hii husimama zaidi, kwa kuwa kinachoishika ni sukari. Ikifungwa katika karatasi na kutiwa ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na sisimizi, hukaa kwa siku kadhaa.

8. Kikombe cha kakao

Asiye na siagi wala karanga asikate tamaa. Na achukue kijiko kikubwa 1 cha kakao na vijiko vidogo 2 vya sukari, avichanganye kikombeni na maji ya moto kidogo mpaka viwe uji mzito usio na madonge, kisha ajaze kikombe kwa maziwa yaliyochemshwa, huku akikoroga. Kinywaji hiki hufaa usiku wa baridi, na mzee asiye na meno hukinywa kwa furaha. Asiyezoea kafeini anywe mapema jioni, asije akakosa usingizi.

9. Kugawa

Vipande 36 si vingi. Nyumba yenye watu 9 ikivila vyote siku moja, kila mtu hupata vipande 4, na kesho kopo ni tupu. Ikivila kwa kiasi, kipande kimoja kwa kila mtu kila siku, hutosha siku 4. Lakini yafaa kwanza kutoa sehemu ya watu wengine: kipande cha bibi aishiye peke yake mtaa wa pili, kipande cha jirani aliyefiwa, kipande cha mtoto aliyekaa kitandani juma zima. Kipande hicho hakitaondoa msiba, wala hakitaponya ugonjwa. Kitamwambia mtu kwamba yuko aliyesimama karibu na jiko saa nzima akimkumbuka. Watu wa zamani walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

MASWALI

1. Kwa nini mkakao hustawi Kyela, wala haustawi Lushoto?
2. Mkulima hufanya nini ili mbegu za kakao zipate ladha yake?
3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini kipimo cha digrii 112 humpoteza mpishi wa Lushoto.
4. Kwa nini shira haikorogwi ingali moto?
5. Mtu akiungua kwa shira afanyiwe nini, na asifanyiwe nini?
6. Nyumba ina watu 6. Vipande 36 vimetengenezwa, na vipande 6 vimepelekwa kwa majirani. Vilivyobaki vitatosha siku ngapi, kila mtu akila kipande 1 kwa siku?
7. Uliza nyumbani kwenu: zamani, kabla ya sukari ya dukani kuenea, watu walimpa nini mtu aliyechoka? Andika jibu kwa sentensi 5.